Safari ya Wikendi ya Kumuaga Bibi Harusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huniijia kila mara kutoka kwa akina dada waliopewa jukumu la kupanga wikendi ya mwisho ya rafiki yao kabla hajaolewa. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyeketi mbele yangu na daftari mkononi. Mengine yana majibu mafupi. La pesa lina jibu refu, na ningeomba hilo usiliruke.

Nimechaguliwa kuwa mratibu. Nianzie wapi?

Kwa bibi harusi mwenyewe, kabla hujafungua gropu na kabla hujatazama picha hata moja ya nyumba ya kupanga. Mpigie jioni akiwa ametulia, umuulize mambo manne: anataka wikendi ya namna gani, nani lazima awepo, tarehe zipi haziwezekani, na kitu gani hataki kabisa kufanyiwa.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mtu anaweza kushindwa kueleza anachotaka, lakini anachokikataa anakijua vizuri. Wapo wasiotaka kuvishwa taji na mkanda mbele za watu. Wapo wasiopenda michezo ya maswali kuhusu wapenzi wa zamani. Wapo ambao ndoto yao nzima ni kulala mpaka saa nne asubuhi, kisha kupiga soga na watu wanaowajua vizuri. Yaandike majibu yake, na kila wazo jipya litakalokuvutia lipime kwa karatasi hiyo.

Si ingependeza tukamfanyia siri, asijue chochote?

Siri ndogo inapendeza: barua walizomwandikia rafiki zake, keki, mgeni mmoja asiyemtarajia. Siri ya safari nzima ni mzigo kwake. Anahitaji kujua tarehe, mahali, aina ya nguo za kubeba, na nani atakuwepo. Mwanamke anayepanga harusi tayari ana mambo mengi asiyoyajua yatakwendaje, usimwongezee jingine.

Ifanyike lini?

Wiki nne hadi nane kabla ya harusi. Wikendi ya kuamkia wiki ya harusi iepuke kabisa. Siku hizo nguo inapimwa kwa mara ya mwisho, simu hazikatiki, wageni wameanza kuingia, na mtu akirudi na mafua au kifundo cha mguu kilichoteguka hakuna muda wa kupona.

Kama mtapanda ndege, anza kupanga miezi minne hadi sita mapema. Kama ni safari ya barabara, miezi miwili au mitatu inatosha.

Kuhusu kupata tarehe inayomfaa kila mtu, usiulize "mnapatikana lini?" Watu tisa watakupa majibu tisa na mjadala wa wiki mbili. Weka tarehe tatu ambazo bibi harusi ameshazikubali, wape siku tano wapige kura, kisha funga. Atakayekosa, akose kwa heri. Kubadilisha tarehe kwa ajili ya mmoja huwaangusha watatu wengine.

Tuwe wangapi?

Kati ya sita na kumi. Wakizidi hapo, kila jambo linageuka mkutano: kutoka ndani kunachukua saa nzima, kupata meza moja ni shida, na bibi harusi anamaliza wikendi hajakaa na mtu kwa zaidi ya dakika kumi. Orodha ya majina ni yake, wewe usiongeze wala usipunguze. Ila mkumbushe jambo moja: kila anayealikwa safarini awe pia amealikwa harusini. Kumchangisha mtu safari halafu asipate kadi ni kumuumiza.

Nizungumzeje habari ya pesa bila kumwaibisha mtu?

Zungumza na kila mmoja peke yake. Hili nilijifunza kwa uchungu.

Katika safari ya pili niliyoipanga tulikuwa tisa. Niliweka makadirio kwenye gropu, nikamalizia na "wote tuko sawa?" Madole gumba yakafuatana. Rafiki mmoja, aliyesoma na bibi harusi tangu darasa la kwanza, naye akaweka lake. Siku nane kabla ya kuondoka akaandika kwamba amepata udhuru kazini. Tukaenda bila yeye. Jumamosi usiku bibi harusi alitoka peke yake barazani, viatu mkononi, akampigia simu. Nilikuwa jikoni nikiosha glasi, dirisha liko wazi, nikamsikia akisema, "Ungeniambia tu, jamani. Ungeniambia." Baadaye nilikuja kujua kwamba yule dada alikuwa ametoka kulipa ada ya mdogo wake na hakubakiwa na kitu. Hakuwa na pa kulisemea jambo lake, kwa sababu mahali pekee nilipomuuliza palikuwa mbele ya watu wanane.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Kabla ya kutaja mahali popote, namtumia kila mtu ujumbe wake binafsi: "Ukijumlisha nauli, malazi, chakula na kila kitu, kiasi gani cha juu kabisa unaweza kukitoa bila kujiumiza? Jibu lako litabaki kwangu." Kisha nachukua kiasi kidogo kuliko vyote, na hicho ndicho kinakuwa dari ya safari. Sichukui wastani. Wastani unawaacha nje walio chini yake, na mara nyingi hao ndio marafiki wa siku nyingi zaidi.

Wenye uwezo zaidi watauliza mbona mahali penyewe ni pa kawaida. Waambie bajeti ndiyo hiyo, basi. Usitaje jina la mtu. Anayetaka kuongeza anaweza kulipia kitu cha wote, kama keki au mpiga picha wa saa mbili, bila kutangaza. Na akitokea wa kukunong'oneza kwamba atamlipia mwenzake, pokea, funga mdomo, na umwandikie mlipiwa kuwa gharama zimeshuka.

Unapokadiria, hesabu hata vile vidogo vinavyojificha: ada ya usafi wa nyumba, amana ya uharibifu, usafiri wa kutoka kituoni mpaka mnapofikia, bahashishi, fulana za sare, mapambo, sehemu ya bibi harusi. Kumbuka pia kwamba watu hawa hawa bado wana nguo ya harusi ya kushona na zawadi ya kununua. Kama fulana za sare zinawabana, ziache. Hakuna bibi harusi aliyewahi kunilalamikia kwamba fulana hazikuwepo.

Bibi harusi naye anachangia?

Makundi mengi humlipia malazi, chakula na burudani, naye anajilipia nauli kama safari ni ya mbali. Mkubaliane mapema, na hesabu ifanywe wazi. Mkiwa wanane pamoja naye, gharama yake inabebwa na saba, kwa hiyo kila mmoja anaongezeka kiasi cha asilimia 14. Mkiwa wanne tu, wanabeba watatu, na ongezeko linafika theluthi moja. Kwa kundi dogo mimi hushauri alipiwe chakula na burudani tu. Akisisitiza kuchangia, mwache achangie. Wengine hawastarehe wakibebwa.

Nani ashike fedha, na zikusanywe lini?

Mtu mmoja ashike, mwingine akague. Wasiwe mtu yule yule. Kusanya kwa awamu tatu: ya kwanza kabla ya kulipia chochote, ya pili katikati, ya mwisho wiki tatu kabla ya safari. Usiweke nafasi ya nyumba kwa pesa yako ukitumaini kurudishiwa. Ukarimu huo umevunja urafiki mwingi kuliko ugomvi wowote wa safarini, maana mdai anaona haya kudai na mdaiwa anaona haya kuulizwa.

Weka jedwali ambalo kila mtu analiona: kilichoingia, kilichotoka, picha ya risiti. Tenga asilimia 10 ya jumla kwa dharura. Ikibaki, irudi kwa wenyewe.

Mtu akijitoa dakika za mwisho?

Nyumba haipungui bei kwa sababu mmoja hakuja. Gharama iliyogawanywa kwa watu 10, wawili wakijitoa, wanane waliobaki wanalipa robo zaidi kila mmoja. Ndiyo maana kanuni iandikwe siku ya kwanza, wakati bado wote wanapendana: baada ya tarehe fulani, mchango wa malazi haurudishwi isipokuwa apatikane wa kuziba nafasi, wa chakula na burudani ambao haujatumika unarudishwa. Msiba na ugonjwa vina ubinadamu wake. Hapo ile asilimia 10 inasaidia.

Nyumba nzima au hoteli?

Kwa wikendi kama hii napendelea nyumba. Kinachokumbukwa hutokea asubuhi mkiwa na nguo za kulalia, mmoja anakaanga mayai, mwingine amelaza kichwa mapajani mwa mwenzake. Hoteli inakupa vyumba vyenye milango iliyofungwa. Lakini hoteli inafaa kama kuna wazee, wajawazito, au watu wasiofahamiana vizuri wanaohitaji pa kujificha kidogo.

Ukichagua nyumba, usihesabu vitanda tu, hesabu mabafu. Watu 10 na bafu moja, kila mmoja dakika 20, ni dakika 200, zaidi ya saa tatu. Nimewahi kukaa kwenye mstari huo nikiwa na kitambaa kichwani huku gari likitusubiri nje, na wa mwisho watatu walioga maji baridi kwa sababu tangi la maji ya moto lilikwisha. Bafu moja kwa watu watatu au wanne ndio mpaka wangu.

Mwulize mwenye nyumba kwa maandishi: vitanda ni vya watu wawili au ni kochi linalokunjuliwa? Sherehe na muziki vinaruhusiwa, mpaka saa ngapi? Wageni wa mchana wanaruhusiwa? Kuna kamera, na ziko wapi? Amana inarudi baada ya siku ngapi? Na mkifika, kabla mizigo haijafunguliwa, piga video ya kila chumba. Kikombe kilichokuwa kimepasuka kabla yenu kisije kulipwa na nyinyi.

Nani analala wapi, lipange mapema na ulitume. Bibi harusi apate kitanda kizuri. Anayekoroma na asiyeweza kulala na kelele wasikutane. Anayelala kochini alipe kidogo kuliko mwenye kitanda.

Usafiri je?

Gari la viti saba halibebi watu saba na mabegi saba, hesabu watano. Mkizidi hapo, chukueni basi dogo lenye dereva, na linawaondolea pia swali la nani hatakunywa ili aendeshe. Dereva alipwe na alishwe, na saa zake za kupumzika ziheshimiwe.

Kwa ndege ya kwenda nje ya nchi, kagua pasi za wote miezi mitatu kabla. Nchi nyingi hudai pasi iwe na uhai wa angalau miezi sita, na wapo wanaogundua hilo wakiwa kaunta. Pawabanki ziende kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mizigo inayowekwa chini. Bibi harusi mwenyewe, ikiwa ameshabadilisha jina kwenye hati moja na si nyingine, tiketi ifuate jina lililo kwenye pasi, herufi kwa herufi.

Mkipanga kuzamia na mitungi ya hewa, fanyeni siku ya kwanza. Baada ya kuzamia mara kadhaa, ushauri wa kawaida ni kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa ajili ya naitrojeni iliyobaki mwilini.

Ratiba ijazwe kiasi gani?

Jambo moja kubwa kwa siku. Mengine yaachwe yajipange.

Ijumaa watu wanafika kwa nyakati tofauti, wamechoka na kazi. Andaa chakula kinachoweza kusubiri, muziki wa chini, na basi. Jumamosi ndiyo siku yenyewe: asubuhi ya taratibu, shughuli kubwa mchana, mapumziko ya saa mbili yasiyoguswa, kisha usiku. Hayo mapumziko yatetee kama unavyotetea pesa. Bila hayo, saa tatu usiku nusu ya kundi lina kichwa kinachouma na viatu vinavyobana. Jumapili hakuna kitu isipokuwa chai, barua, na kufunga mabegi.

Barua nizieleze kidogo. Wiki mbili kabla, kila mtu anaandika ukurasa mmoja kwa bibi harusi: kumbukumbu moja tu, kwa undani. Jumapili asubuhi kila mtu anasoma yake mwenyewe kwa sauti. Hazigharimu kitu, na katika safari zote nilizosimamia ndizo zilizofungwa kwenye begi kwa uangalifu kuliko zawadi za dukani. Wasiojua kuandika sana watumie sauti iliyorekodiwa.

Baadhi yetu hatunywi pombe, mmoja ni mjamzito, wawili hawajui kuogelea. Tufanyeje?

Mpange kana kwamba hao ndio wengi. Vinywaji visivyo na kilevi viwe vizuri na vingi, si soda mbili pembeni. Bili ya pombe itengwe na ya chakula ili wasiokunywa wasiwalipie wanaokunywa. Hili nimeliona likinung'unikiwa chinichini mara nyingi. Shughuli ya majini iwe na kivuli na viti kwa wasioingia, na makoti ya kuokolea kwa wanaotaka kujaribu. Mjamzito aulize shirika la ndege masharti yake, maana mengi hudai cheti cha daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa baada ya wiki ya 36. Mama anayenyonyesha ahakikishiwe friji na chumba chenye mlango.

Na wanaokunywa?

Wale kwanza, na maji yawe katikati ya kila glasi mbili. Ini huondoa takriban kipimo kimoja cha kawaida kwa saa. Kahawa na maji baridi havibadilishi hilo. Gawaneni wawili wawili: kila mtu ana mwenzake wa kumwangalia usiku kucha, na hakuna anayerudi peke yake wala anayeachwa choo cha klabu. Glasi iliyoachwa bila mtu haiguswi tena. Ukimkuta mwenzako hazinduki, anapumua polepole au ngozi imepoa, usimwache "alale tu". Mlaze ubavu, piga simu ya dharura, kaa naye.

Anwani ya mnapolala iwe imeandikwa kwenye karatasi ndani ya kila mkoba, kwa sababu simu huzimika. Na mtu mmoja asiye safarini apewe ratiba yenu.

Tunataka kwenda kufanyiwa urembo pamoja. Kuna tahadhari?

Ipo, na ni kubwa kwa bibi harusi. Kitu chochote kipya kinachogusa ngozi yake kisifanywe safarini. Kusugua uso kwa dawa asizowahi kutumia, gundi ya kope, rangi ya nywele: hayo yajaribiwe nyumbani miezi kabla. Jihadharini zaidi na michoro ya muda inayoitwa hina nyeusi. Hina asilia huacha rangi ya machungwa hadi kahawia, na inachukua saa kadhaa. Ile nyeusi tii inayoshika haraka mara nyingi ina kemikali ya rangi ya nywele iitwayo PPD, ambayo inaweza kuunguza, kutoa malengelenge na kuacha kovu.

Na jua. Fikiria gauni lake la harusi: kama liko wazi mabegani, alama za kamba za nguo ya kuogelea zitaonekana kwenye kila picha. Losheni ya kukinga jua apakwe kabla ya kutoka, irudiwe kila saa mbili na kila akitoka majini, na wewe ndiye wa kumkumbusha.

Picha tunazirusha mitandaoni?

Muulize bibi harusi, kisha muulize kila mmoja. Kuna mwenye mwajiri mkali, kuna asiyetaka familia imwone na glasi mkononi. Utaratibu ninaoupenda: hakuna kurusha chochote mpaka Jumapili jioni, na bibi harusi ndiye wa kwanza kuweka. Inalinda usalama pia, kwani hamwambii dunia nzima kwamba nyumba zenu hazina watu.

Kuna wawili wasioelewana. Nifanyeje?

Zungumza na kila mmoja kabla ya safari. Sema wazi: "Sikuombi mpatane. Nakuomba siku mbili." Wasilale chumba kimoja wala kukaa gari moja. Usimshirikishe bibi harusi.

Pesa ya safari haipo kabisa. Tuache?

Msiache. Nyumba ya mmoja wenu, watoto wapelekwe kwa bibi yao, magodoro sebuleni, simu kwenye kikapu, chakula kipikwe pamoja. Barua zile zile. Nimeona bibi harusi akilia kwa furaha kwenye godoro la sebuleni, na nimeona mwingine akitazama saa yake kwenye hoteli ya ghali.

Mratibu abebe nini?

Dawa za maumivu na za kuzuia kutapika, plasta za visigino, pini za kufungia nguo, sindano na uzi, pedi, chaja ya ziada, chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini, mifuko ya taka, fedha taslimu kidogo, na karatasi yenye namba za simu za ndugu wa kila mmoja na mzio alionao. Mzio uulize mapema kwa kila mtu, wa chakula na wa dawa.

Tukisharudi, kuna kilichobaki?

Funga hesabu ndani ya siku saba: jedwali la mwisho, risiti, na kila mtu arudishiwe chake hata kama ni kidogo. Fuatilia amana ya nyumba mpaka irudi. Picha ziweke pamoja mahali pamoja, mchagulie bibi harusi chache, umchapishie mbili tatu. Barua zake mwulize kama zilifika nyumbani salama; mmoja aliacha zake kwenye droo ya chumba, na ilibidi turudi njia nzima kuzichukua.